Maziwa Ambayo Hayakupitia Moto

Nyinyi mnaongoja vidonge vya asubuhi kwenye benchi hii, mimi pia nilikaa hapo. Nilichagua pale mwisho, karibu na ukuta, ili anayepita barabarani asinione. Jua linawaka, mimi nimejifunika kitenge mpaka kidevuni. Muuguzi ameniomba nije kuwatia moyo. Nitajaribu, lakini nilicho nacho kwa wingi ni aibu, na ndiyo hiyo nitakayowasimulia, maana ilinichelewesha kuliko ugonjwa wenyewe. Baba wa kofia nyeusi, usigeukie ukutani. Hapa wote tunameza vidonge vile vile.

Naitwa Furaha. Nakaa hapa mjini, mtaa wa Nyamianda, na binti yangu Riziki, ambaye baba yake alifariki yeye akiwa bado anatambaa. Nilizaliwa Sange, kule bondeni, kwenye nyumba ya mpunga, mihogo na nyimbo za kanisa. Mama yangu ni shemasi. Kwetu pombe haivuki mlango, hata kasiksi, ile pombe ya ndizi ambayo kwa majirani wanampa mgeni kama wanavyompa kiti.

Sasa angalieni Mungu alivyonicheka. Kazi niliyoipata hapa Uvira ilikuwa kwenye hoteli moja ya kando ya ziwa, nyuma ya kontuari, ile meza ndefu ya bar. Nilianza kwa kuosha glasi. Yule kijana aliyekuwa anachanganya vinywaji akahamia Bujumbura, na patron, mwenye hoteli, akaniambia, "Furaha, weye iko na kichwa. Utachanganya." Nikajifunza, na siwezi kuwadanganya, niliipenda ile kazi. Niliyapenda yale majina, nikayashika kama mtoto anavyoshika aya za Biblia za kusema mbele ya kanisa. Nikajua divai ni zabibu zilizochacha, na konyaki ni divai hiyo hiyo iliyochemshwa, mvuke wake ukashikwa ukarudi kuwa maji. Rumu inatoka kwenye miwa. Wiski ni nafaka iliyolazwa ndani ya pipa la mbao mpaka ikapata rangi. Verimuti ni divai iliyolowekwa majani machungu. Likeri ni pombe kali iliyotiwa sukari, na ziko za machungwa, za minti, za kahawa. Grenadini haina pombe hata chembe, ni siro, maji mazito ya sukari, nyekundu ya kupendezesha glasi tu. Na pastisi, ile yenye harufu ya anisi, ukiimwagia maji inageuka nyeupe pepepe kama maziwa. Wateja wapya walikuwa wanaruka: "Eh! Uchawi!" Mimi nacheka. Nilikuwa nawaambia kwamba hata kanyanga yetu ya mihogo, inayopikwa kwenye mapipa kule bondeni, ni ndugu yake vodka, ila haijavaa chupa nzuri.

Lakini mnawajua watu wa hapa. Hakuna anayekunywa kitu ambacho hakukiona kikifunguliwa. Bia unaileta na kifuniko chake, unaifungua mbele ya macho ya mwenyewe, la sivyo utairudisha. Kila mtu hapa ana jamaa aliyekufa kwa karuho, ile sumu ya kutiliwa kwenye kikombe, au anasema anaye. Na tangu zamani kwetu, anayekupa kinywaji ndiye anayeonja kwanza, halafu anakupa. Sasa kokteli haina kifuniko. Imechanganywa kwenye kopo la chuma, ikatikiswa, nani anajua kilichoingia? Kwa hiyo kila mteja alikuwa ananiambia, "Mama, onja kwanza." Namimina kidogo kwenye kijiko, naonja. Kutema ilikuwa haiwezekani. Walikuwa wanalitazama koo langu mpaka linashuka, ndipo wanachukua glasi.

Sikuwahi kulewa, hata siku moja. Lakini kijiko cha huyu na kijiko cha yule, nikitoka kazini mdomo ulikuwa unanuka jini, ile pombe kali nyeupe kama maji, na likeri ya machungwa, na mimi mtoto wa shemasi. Nikawa napita njia ya nyuma ya nyumba ili nisikutane na watu wa kwaya.

Dawa yangu ilikuwa maziwa. Mama alikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu, Bihogo, ambaye alimpenda kuliko wajukuu wengine. Kila siku ya soko alikuwa ananitumia maziwa kwa gari, ndani ya bido, dumu la plastiki la manjano. Kwetu tunaamini maziwa yanaosha sumu. Mtu akishuku amelishwa kitu, kwanza anakunywa maziwa. Basi nikirudi nyumbani najaza kopo, nakunywa mpaka mwisho, najiambia nimesafishika. Mabichi, jamani. Mama alitufundisha kwamba ukiyachemsha maziwa unamkausha ng'ombe kiwele. Hata Riziki nilimkataza kuyasogeza karibu na mbabula, jiko letu la makaa. Nilijivunia sana. Wenzangu wakitafuna majani ya kuondoa harufu, mimi nasema, "Minye ninakunywa maziwa tu!"

Ugonjwa ulianza kwa uchovu. Nikibeba kreti ya chupa tupu, magoti yanatetemeka. Halafu homa, inakuja mchana, inaondoka, inarudi. Usiku jasho linanilowesha mpaka godoro, nikaanza kulianika nyuma ya nyumba, na watoto wa jirani wakacheka kwamba mama Riziki anakojoa kitandani. Chakula kikanichukiza. Samaki niliyekuwa nampigania, harufu yake tu ikawa inanikimbiza. Siku nyingine tumbo linafunga kabisa, siku nyingine linaharisha mpaka naogopa kukaa mbali na choo. Mikono ikakonda, mashavu yakaingia ndani. Tumbo peke yake ndilo lililonenepa.

Mwanzoni wakasema ni mimba. Mjane, jamani, na mimba! Kisimani wananyamaza nikifika. Mmoja akaniuliza mbele ya watu, "Furaha, utatuonyesha lini baba yake?" Tumbo likazidi kukua, kitovu kikatoka nje kama kifundo, ngozi ikavutika mpaka mishipa ikaonekana, na miezi ikapita bila mtoto kuzaliwa. Hapo wakabadilisha. Wakasema, "Kumbe ni pombe. Si anafanya kazi mu bar?" Afadhali wangeendelea na mimba. Ile ningeweza kuikana, lakini hii ya pombe nilikuwa nimeanza kuiamini mwenyewe. Nilikuwa nakumbuka vile vijiko vyote na kuona vimekaa ndani ya tumbo langu vikinisubiri.

Patron aliniita pembeni. Si mtu mbaya. Aliangalia sakafu akasema, "Furaha, wateja wanaogopa. Muonjaji mwenye tumbo kama hilo, nani atakunywa kile ameonja?" Nikavua aproni, nikaikunja, nikaondoka. Nilitembea kando ya barabara nikilishikilia tumbo kwa chini, na kila pikipiki iliyopunguza mwendo nilidhani imesimama ili nichekwe.

Mama akashuka kutoka Sange, akanipeleka hospitali moja ambayo sitaitaja. Daktari alinigongagonga tumbo, akaniuliza, "Mama, unakunywa pombe?"

"Hapana, dokta."

Mama akadakia, "Anafanya kazi mu bar."

Daktari akatabasamu. "Kwa hiyo unakunywa?"

"Ninaonjaka tu."

"Unaonja nini?"

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Ningesema "vinywaji" tungemaliza. Lakini nilikuwa nimezoea kuulizwa swali lile na wateja, na mtu akiniuliza nilicho nacho, majina yanatoka yenyewe. Nikaanza: jini, vodka, rumu nyeupe na rumu nyeusi, wiski, konyaki, verimuti nyekundu, verimuti kavu, pastisi, likeri ya machungwa, likeri ya minti, likeri ya kahawa, shampeni kama kuna arusi. Niliyasema vizuri kabisa, kwa Kifaransa safi. Nilipofika kwenye bita, yale matone machungu ya mwisho, nikaona daktari ameweka kalamu chini, muuguzi ameziba mdomo kwa mkono, na mama yangu analia.

"Mama," daktari akasema, "hili ni ini. Limeoza kwa pombe." Akanitoboa ubavuni kwa sindano kubwa, maji yakatiririka kwenye ndoo. Nikayaangalia, nikawaza, rangi ya divai nyeupe. Nikaona aibu kwa kuwaza hivyo. Daktari akamgeukia mama. "Asiguse pombe tena. Na mumpe maziwa, mengi, yatamrudishia nguvu."

Mmesikia? Maziwa. Mama akafurahi, maana hicho ndicho alichokuwa nacho. Bido likawa linakuja kila mara gari likishuka.

Jumapili iliyofuata alinipeleka kanisani Sange, mimi na Riziki. Nilidhani ni kuombewa kama wagonjwa wengine. Mama akasimama mbele, kitambaa cha ushemasi begani, akasema, "Watu wa Mungu, muniombee huyu mutoto. Pombe imemukula ini." Kanisa zima likageuka. Nilitaka kuangalia miguu yangu, nikashindwa hata kuiona kwa sababu ya tumbo. Wakaja wakaniwekea mikono, wengine wamenifundisha kusoma, wengine nimecheza nao mtoni. Mmoja akaninusa. Aliniombea huku ananinusa! Mimi mwenyewe nilikuwa nimekubali kwamba ni pombe.

Siku hiyo mama alimbakisha Riziki Sange, akasema mtoto hawezi kukaa na mtu wa hali yangu. Riziki aliniaga akiangalia pembeni, na alikuwa na haki. Nikarudi Nyamianda peke yangu.

Aliyeniokoa ni jirani yangu, Mama Zaituni, anayeuza vitenge. Ni Mwislamu wa hapa hapa mjini, wa zile familia ambazo babu zao walifanya biashara ya ziwani. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kunichukia kwa ajili ya pombe, ni yeye. Alikuwa ananiletea uji, anakaa mlangoni. Siku moja akanitazama sana akasema, "Minye pombe sijaionja maisha yangu yote, lakini mulevi ninamujua. Kaka ya bwana yangu alikuwa mulevi mbele yangu miaka mingi. Mulevi akikosa pombe anatetemeka, anatukana, anaiba sufuria. Weye umekaa hapa wiki ngapi, huombi kitu. Unatoka jasho tu na unazidi kukonda. Simama, twende kwa munganga mwingine."

"Mama Zaituni, nina aibu."

"Aibu utakuja nayo. Iko na nafasi kwa pikipiki."

Tukacheka, na kucheka kukaniuma tumbo. Akanibeba mpaka hapa mlipokaa.

Daktari wa hapa alikuwa dada mdogo kuliko mimi. Alinipaka mafuta ya baridi tumboni, akapitisha kile chombo cha kuangalia ndani. Akatoa maji kidogo, akayatuma kwenye mashine. Akaniuliza habari ya jasho na homa. Akaniuliza unakunywa nini, na mimi nikainamisha kichwa, nikaanza tena, jini, vodka, lakini safari hii kwa sauti ya chini kama mtu anayeungama. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Na kitu kingine?"

"Hakuna kingine, dokta. Maziwa tu."

"Unayachemsha?"

Nilicheka, nawaambia kweli nilicheka, kwa mara ya kwanza nilijiona najua kitu. "Dokta! Maziwa ya ng'ombe wa mama? Ukiyachemsha ng'ombe anakauka."

Hakucheka. Majibu yaliporudi aliniita, akafunga mlango. "Mama Furaha, ini lako ni zima. Hii ni kifua kikuu. Imekaa tumboni badala ya kifuani. Inapona, vidonge ni bure, ila utavimeza kila siku kwa miezi sita bila kuruka."

"Imetoka wapi? Kwangu hakuna anayekohoa."

"Siwezi kukuapia. Inaweza kutoka kwa mtu. Lakini ng'ombe pia anaugua kifua kikuu, na kinapita kwenye maziwa mabichi, na kikipita huko mara nyingi kinakaa tumboni. Huyo ng'ombe ni mzima?"

Nikamkumbuka Bihogo. Mara ya mwisho nilipomwona mbavu zilikuwa zinahesabika, na alikuwa anakohoa kikohozi kikavu, shingo imenyooka. Mama alisema ni vumbi la kiangazi.

Sasa nitawaambia kitu ambacho sijamwambia hata mchungaji. Kabla ya kumshukuru Mungu, kabla ya kumwogopea mtu yeyote, nilifurahi kwamba ni maziwa ya mama. Nilijiona nimesimama mbele ya lile kanisa nikisema, huyu shemasi wenu aliyenianika hapa, ndiye aliyeninywesha ugonjwa, na ile jini mnayoichukia haikunifanya kitu. Nilikaa kwenye kile kiti tumbo limejaa maji na moyo umejaa furaha ya kumwaibisha mama yangu. Aibu zote nilizowasimulia, za kisimani, za kanisani, hizo nilibebeshwa na watu. Hii niliitafuta mwenyewe, na mpaka leo ndiyo inayonichoma zaidi.

Daktari akauliza, "Kuna mwingine anayekunywa hayo maziwa?"

Riziki! Mtoto wangu yuko Sange, anapewa kopo asubuhi na kopo jioni. Furaha yote ikaniruka.

Nilimeza vidonge vya kwanza pale pale nikapanda pikipiki. Mashimo ya ile barabara mnayajua. Kila shimo niliona tumbo linapasuka. Nilimkuta mama uani anapepeta mpunga, Riziki amekaa kwenye kigoda karibu yake, kopo mkononi.

"Mama, Riziki asinywe yale maziwa."

"Kwa nini?"

"Munganga anasema haikuwa pombe. Ni kifua kikuu, iko mu tumbo. Labda imetoka mu maziwa ya Bihogo."

Mama akaweka ungo chini polepole. "Minye nilikulisha maziwa ya ng'ombe wangu tangu jino lako la kwanza. Leo umeharibu tumbo na vinywaji vya wazungu, unakuja kutapika mu maziwa yangu?"

"Uyachemshe tu, Mama. Sikuombi kingine. Zile pombe zote kali nilizoonja, zote zilipikwa, zilipita kwa moto. Maziwa yetu njo hayakupita."

"Kwa hiyo pombe njo safi, maziwa njo machafu! Sikieni mulevi!"

Akamnyang'anya Riziki kopo. Akaliinua mbele ya macho yangu, akanywa funda kubwa, nikaliona koo lake likishuka. Akajifuta mdomo. "Nimeonja kwanza. Umeona? Sumu iko wapi?" Na kama desturi inavyotaka, alipomaliza kuonja akampa Riziki kopo anywe.

Nimekula mshahara wa kuonja. Najua zaidi ya mtu yeyote kwamba aliyeonja anakuonyesha moyo wake tu. Mama alikuwa na moyo safi, angekunywa bido zima kunionyesha. Lakini kile kidudu cha ugonjwa hakikungojea kuona moyo wa mtu. Riziki akaniangalia, akamwangalia bibi yake, akalisogeza kopo mdomoni kwa sababu bibi ndiye aliyekuwa amesimama wima, mimi nimejikunja nikilishikilia tumbo.

Nikalipiga lile kopo. Likaruka, maziwa yakamwagika ardhini, yakaingia kwenye mchanga.

Kwetu kumwaga maziwa makusudi si jambo dogo. Ni kama kumtemea mate mwenye ng'ombe. Mama aliyaangalia mpaka yakakauka. Halafu akasema neno moja, "Toka." Nikamshika Riziki mkono, tukatoka. Nilitapika njiani, vidonge na vyote. Riziki akanifuta mdomo kwa shati lake la shule.

Walimpima hapa wakamkuta mzima. Huyo ndiye niliyemwendea Sange, na siku hiyo nililia kwa shukrani mpaka muuguzi akaniletea maji.

Sasa kwenu mnaoanza vidonge. Mkojo utakuwa mwekundu wa machungwa. Siku ya kwanza nilipoona choo nilidhani nimemwaga grenadini. Msiogope, ni rangi ya dawa. Kichefuchefu kitakuja, meza hivyo hivyo. Mwezi wa kwanza hutaona kitu. Halafu siku moja nilisikia harufu ya samaki wa Mama Zaituni nikaenda kumwomba kichwa cha samaki, naye akapiga vigelegele. Tumbo likashuka, kitovu kikarudi ndani, miguu yangu nikaiona. Nilikaa kitandani nikaichezesha vidole. Daktari akikuuliza unakula nini na unakunywa nini, usimwambie yale unayoyaonea aibu peke yake. Mwambie na yale unayojivunia. Ugonjwa wangu ulikuwa umejificha huko. Na tafadhali, chemsheni maziwa.

Mama hakututumia tena bido, hakupiga simu. Mimi pia sikupiga. Miezi ikapita. Halafu akanipigia mara moja, akasema, "Kuja Jumapili," akakata. Nilikwenda. Nilidhani nitaombewa tena.

Alisimama mbele, pale pale. Alikuwa amevua kile kitambaa cha ushemasi, amekishika mkononi. "Watu wa Mungu," akasema, "Bihogo alizidi kukohoa, nikaita veterineri, munganga wa ng'ombe. Tukamuchinja. Akafungua mapafu, akaniita nione. Yalikuwa yamejaa mabonge meupe. Niliwaambia hapa kwamba huyu mutoto ni mulevi. Huyu mutoto hakuwa mulevi. Nilimunywesha ugonjwa na mukono wangu, na nilikuwa ninamunywesha mujukuu wangu." Akaanza kuvua hata viatu, sijui kwa nini, kama mtu asiyejua atoe nini tena.

Ndiyo siku niliyoitaka kule kwa daktari. Ilikuja kamili, na kanisa zima likasikia. Ningeweza kufa kwa aibu. Nilikwenda mbele nikamvisha viatu vyake, nikaogopa kumwangalia machoni.

Hapa walimpima mama naye, hawakukuta kitu. Mimi vidonge viliisha, nikarudi kontuari. Sionji tena. Anayeogopa, namwambia anywe bia ya kifuniko.

Nilikuwa nimeapa maziwa sitayaweka mdomoni tena, hata ya kwenye chai. Wiki iliyopita mama alikuja Nyamianda bila kuniambia, na bido la manjano, maziwa ya ng'ombe wa jirani yake. Hakukaa. Aliwasha mbabula yangu, akaweka sufuria, akasimama juu yake kama mtu anayelinda mwizi. Maziwa yakapanda, akayateremsha, yakapanda tena, akayateremsha. Mwanamke aliyeamini maisha yake yote kwamba moto huo unamkausha ng'ombe. Akamimina kwenye kopo, mvuke unatoka, akaja nalo mpaka nilipokaa.

"Subiri nionje kwanza," akasema, akaliinua.

Nikalishika lile kopo kabla halijafika mdomoni kwake. Nikamwambia, "Hapana, Mama. Leta." Nikanywa.